Doto Kakwama kwa Broka

Mjini Geita ukitaja broka, kila mtu anajua unamsema nani: yule bwana mwenye mizani ndogo na koti la mifuko mingi, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji na kuipeleka kwa wakubwa wasiopenda vumbi. Mchimbaji hamjui mkubwa, mkubwa hamjui mchimbaji, na wote wawili wanamlaani broka huku wakimhitaji. Kwa hiyo Onesmo alipowaambia watu kwamba kazi yake ni kumtunza broka aliyemo ndani ya kompyuta, walimtazama mikononi kama ana mizani.

"Wa kwangu habebi dhahabu," alikuwa akieleza, na ole wako umpe nafasi ya kueleza, maana chai yako itapoa. "Anabeba habari. Mtoto akizaliwa zahanati, nesi hana haja ya kumpigia simu mtu wa gari la wagonjwa, halafu wa wodi, halafu wa chanjo, halafu baba wa mtoto. Anamwachia broka ujumbe mmoja, basi. Kila anayehusika anauchukua kwa broka. Mtandao ukikatika, broka anakaa na ujumbe wake mpaka ajibiwe kwamba umepokelewa. Hachoki, halali, hali."

"Na hakati cha juu?" watu walimuuliza.

"Hakati."

"Basi huyo si broka wa Geita."

Onesmo alikuwa kijana mzuri, nisimsingizie. Mrefu, mpole, Msukuma wa upande wa Mhunze, mwenye haya ya kutazama watu machoni lakini mbele ya kompyuta anakuwa jogoo. Yeye na mwenzake Abdulhalim, ambaye watu walimkatia jina wakamwita Halim, walikuwa na chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na humo ndimo walimoulea mfumo wa zahanati. Harufu ya oili ilikuwa inapanda hadi kwenye chai yao.

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa kanuni yake. Huko vijijini mtandao ni wa kubahatisha. Nesi anabonyeza tuma kwenye kishikwambi, jibu halirudi, basi kishikwambi kinatuma tena, na tena. Habari ya mtoto mmoja inamfikia broka mara tatu. Mwanzoni gari la wagonjwa lilikuwa linamfuata mama yule yule mara mbili, na dereva akifika safari ya pili anakuta mama ameshaondoka, anawatukana wote waliosomea kompyuta pamoja na ukoo wao. Ndipo Onesmo akaandika: ikiwa mama ni yule yule, zahanati ni ile ile na siku ni ile ile, huo ni ujumbe uliorudiwa, uweke pembeni, usimsumbue mtu. Madereva wakanyamaza. Halim akamnunulia soda. Huko pembeni hakuna aliyechungulia tena, maana nani anapekua jalala?

Basi asubuhi moja ya masika mke wake, Mariana, akampigia kutoka Mhunze, ambako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtu mwenye kazi yake hawezi kuiacha kwa sababu ameolewa, kwa hiyo waliishi kwa simu na kwa basi. Siku hiyo hakusalimia.

"Onesmo, Ritha amejifungua kabla ya wakati. Damu haikatiki. Wanamleta huko Geita, mama yuko naye kwenye gari. Nenda hospitali, mume wangu. Nenda sasa."

Ritha alikuwa mdogo wake Mariana, ameolewa huko karibu na Ushirombo. Onesmo akasimama hapo hapo. Halafu neno moja likamrudisha nyuma.

"Mama? Unamaanisha mama mkwe?"

"Sasa nina mama yupi mwingine?"

Hapa wa mbali wavumilie kidogo. Kwa Wasukuma wanaoshika mila, mume na mama mkwe wake hawazoeani. Ukimwona njiani unampisha, unamwamkia kwa mbali ukitazama chini. Hamli pamoja, hamshikani mikono, na likiwapo neno la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki hiyo, ni heshima, tena heshima nzito. Tangu harusi yao ya mwaka uliopita Onesmo hakuwahi kumsikia mama mkwe akilitaja jina lake hata siku moja, naye akaona ukwe wake unakwenda vizuri sana.

Kabla ya kutoka alitupa jicho kwenye kompyuta. Ujumbe wa Ritha ulikuwa umeshapita kwa broka: mtoto wa kike, njiti, gari limeitwa, wodi ya watoto wachanga imeambiwa itenge nafasi kwenye kitanda cha joto, baba mtoto ametumiwa ujumbe wa simu. Wote wamejibu kwamba wamepokea. Pamoja na hofu aliyokuwa nayo, roho ya Onesmo ilijaa. Kitu alichokijenga mwenyewe kilikuwa kinambeba shemeji yake.

"Halim, ona," akasema. "Hakuna aliyepiga simu hata moja."

"Nenda bwana, gari lisikutangulie," Halim akamjibu, akamrushia ufunguo wa pikipiki.

Alilisubiri gari getini mpaka jua likawa kali. Lilipofika, Ritha alishushwa kwa machela, midomo imepauka, macho yamefumba, wakamkimbiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Nesi aliyetoka naye zahanati alikimbia pembeni ameinua chupa ya dripu juu. Mtoto alipokelewa na muuguzi wa wodi ya njiti, sista Chausiku, mama wa mjini mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini, naye akaondoka naye mbio kama anayewahi kuipua maandazi. Onesmo akawafuata hadi mlango wa wodi. Aliona mtoto akilazwa penye joto, akashusha pumzi.

Ndipo aliposikia kikohozi nyuma yake.

Mama mkwe alikuwa anakuja taratibu kwenye korido, ameinama, amekumbatia khanga iliyokunjwa kifuani. Onesmo akajibana ukutani ampishe.

"Shikamoo mama," akaiambia sakafu.

"Marahaba," mama akauambia mlango. Akampita, akamwendea Chausiku. "Sista, na huyu?"

Chausiku akafunua ncha ya khanga. "Ala! Huyu naye katoka wapi?"

"Katoka alikotoka mwenzake. Ni mabasa hawa, sista, ni mapacha. Kulwa umemchukua, Doto umeniachia."

Usukumani hata mtoto anajua hilo: mapacha majina yao yanawasubiri kabla hawajazaliwa, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzake. Lakini Chausiku alikuwa amebaki ameshika kichwa.

"Simu imeniambia mmoja! Vitanda vyangu vya joto wamelala wawili wawili, na huyo Kulwa nimembania nafasi ya mwisho. Kitanda kingine kiko kwa fundi huko nyuma. Ningejua tangu asubuhi kwamba ni wawili, ningekwenda kumkalia fundi kichwani!" Alikuwa anaongea huku anamgusa mtoto nyayo, na ghafla akaacha kelele. "Huyu amepoa. Anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, sasa hivi. Bibi, fungua..."

Mama mkwe akashikwa na kikohozi, kile cha kutoka chini kabisa. Chausiku akamchukua mtoto.

"Hapana bibi. Kwa kikohozi hicho sikupi. Baba yake yuko wapi?"

"Yuko ndani ya duara, huko Nyarugusu," mama akasema, akijifuta mdomo kwa khanga. Boaz, mume wa Ritha, alikuwa mchimbaji. Akishashuka kwenye duara, yaani shimo lake, simu inabaki juu kwa wenzake. "Mpaka apande, mpaka afike hapa, sista, si itakuwa jioni?"

Macho ya Chausiku yakazunguka korido yakatua kwa Onesmo.

"Wewe mrefu. Ni nani wa hawa?"

"Mimi? Nimemwoa dada wa mama yao."

"Unakohoa? Una kidonda kifuani? Umeoga?"

"Nimeoga, sista, lakini..."

"Vua shati."

Jamani! Onesmo alitazama juu, akatazama chini, na kwa pembe ya jicho akaiona khanga ya mama mkwe. Mtu angemwambia apande kwenye meza kanisani acheze ngoma, angeona nafuu.

"Sista," akanong'ona, "yule pale ni mama mkwe wangu."

"Na huyu hapa ni mtoto anayekufa kwa baridi. Haya, chagua."

Alianza kufungua vifungo. Kimoja kilikatika, kikadondoka. Mama mkwe aligeukia ukuta, akajitanda khanga hadi usoni, akasimama hivyo mgongo ukiwa kwake. Chausiku akamkalisha Onesmo kwenye benchi, akamlaza mtoto kifuani pake, akamfunika kwa khanga safi na kofia ya sufu. Mfuko wa sukari ungemshinda yule mtoto kwa uzito. Alikuwa wa baridi kweli, baridi iliyopenya mpaka mbavuni, na Onesmo, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anaona aibu, akasahau aibu yote. Alichotaka ni kuwa na joto zaidi ya alilokuwa nalo.

"Sista," mama mkwe akauambia ukuta, "mwambie huyo kijana amshike shingo."

"Kijana, mshike shingo," akasema Chausiku.

"Mwambie mama nimemshika."

"Bibi, amemshika."

"Mwambie asiangalie upande wa dirisha, kuna upepo."

"Mwambie mama nimegeuka."

"Jamani eh!" Chausiku akatupa mikono. "Mko hatua moja, mnaniweka mimi katikati kama broka wa dhahabu? Mimi nina wodi ya kuendesha!" Akaingia zake ndani, anacheka na kuguna.

Onesmo hakucheka. Maneno yale yalimpiga mahali pabaya. Simu imeniambia mmoja. Mama ni yule yule, zahanati ni ile ile, siku ni ile ile. Masikio yakamwaka moto. Yeye, Msukuma wa Mhunze, aliyekaa darasani na akina Kulwa na Doto wasio na idadi, aliyecheza nao, aliyepigana nao, alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mama hawezi kuleta watoto wawili kwa siku moja. Doto alikuwa amezaliwa, nesi amemtangaza, na broka amemweka jalalani. Si broka. Ni yeye Onesmo.

Akatoa simu kwa mkono ulio huru.

"Halim, fungua kule pembeni. Zile jumbe zilizorudiwa. Mtafute Ritha."

Akasikia vidole vya Halim vikigonga. "Upo. Mtoto wa kike, njiti... Ngoja. Onesmo, uzito si ule wa kwanza. Hata saa ya kuzaliwa si ile. Huu haujarudiwa."

"Najua. Nimempakata hapa."

Vidole vikagonga tena. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka, humu ndani kuna wengine."

"Wangapi?"

"Sijui. Nikishuka wanaendelea tu. Kuna wa Masumbwe, kuna wa Runzewe. Marudio ya kweli ndiyo mengi, lakini katikati yake kuna watoto. Onesmo, hawa ni akina Doto."

Machozi yalimtoka Onesmo, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Aliwaona akina Doto wote wale, miezi na miezi, wamelala mgongoni kwa mama zao huku mfumo wake hauwajui. Kulwa anaitwa chanjo, Doto haitwi. Kulwa ametangazwa kwa baba yake, Doto baba akajua kwa macho. Wangapi walifikishwa hospitali wakakuta nafasi moja? Hakuthubutu kuuliza.

"Niwarudishe wote kwa broka?" Halim akauliza. "Sasa hivi nawamwaga."

"Usiwamwage! Ukiwarudisha hivi hivi, magari ya wagonjwa yatatoka mbio kufuata watoto wanaotambaa. Wale wa zamani wapelekee watu wa chanjo peke yao, wapige simu kwa kila mama. Huyu wa Ritha mpeleke kwa wote isipokuwa gari, kama amezaliwa sasa. Na ile kanuni izime. Kila mtoto apewe namba yake hapo hapo kwenye kishikwambi. Ikirudi namba ile ile, hayo ndiyo marudio. Mama asihesabiwe uzazi na sisi."

"Sawa. Na wewe unafanya nini huko?"

"Nimekaa," Onesmo akasema. "Sina shati."

Haukupita muda, simu ya wodi ikalia ndani. Chausiku akatoka ameishika mkononi, anaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: mtoto wa kike, njiti, tengeni nafasi. "Haya, Doto amefika rasmi! Kumbe alikuwa kwenye foleni?" Lakini alipomgusa mtoto shavu hakucheka tena. "Amepata joto kidogo. Bado. Nakwenda kwa huyo fundi mwenyewe, na kitanda hicho nitakileta hata kwa kukiburuta. Kaeni hapa." Akaondoka, kandambili zinapiga sakafu.

Simu ya Onesmo ikaita. Namba ilikuwa ya Boaz, lakini sauti ilikuwa ya Maduhu, yule anayekaa mdomoni mwa duara kuvuta mifuko ya mawe.

"Shemeji, habari za huko? Sikiliza, simu ya Boaz ina matatizo. Asubuhi imeleta ujumbe kwamba mkewe kajifungua binti. Tukampigia kelele huko chini, akashangilia, tukashangilia. Tukafikiri yote salama. Sasa umekuja tena ule ule. Tumempigia kelele tena, anasema tusimpotezee muda, ameshasikia."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Onesmo alitaka kucheka. Kumbe hata Boaz alikuwa na kanuni ile ile kichwani.

"Maduhu, si ule ule. Mwambie ni mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mtoto mwingine. Ni mabasa. Na mama yao yuko chumba cha upasuaji, aje."

"Weeee!" Maduhu hakukata simu. Onesmo akamsikia akipaza sauti shimoni, sauti ikapokewa na mwingine aliye chini, na mwingine chini yake, mabasa, mabasa, mpaka ikafifia. Kukawa kimya. Halafu ukelele wa wanaume ukapanda kutoka ndani ya ardhi, unaongezeka kila unapopokewa, mpaka Onesmo akaisogeza simu mbali na sikio.

"Anapanda," Maduhu akasema, anahema kana kwamba ndiye anayepanda. "Ameacha nyundo huko huko. Anapanda, shemeji."

Onesmo akaweka simu chini, akainamisha uso amwambie Doto kwamba baba yake anakuja.

Doto alikuwa ametulia mno. Kile kifua kidogo kilichokuwa kinamtekenya kwa kupanda na kushuka kilikuwa hakipandi. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

"Sista!" akaita. "Sista!" Korido ilikuwa tupu. Muuguzi wa pili alikuwa amefungiwa huko ndani na vilio vya watoto wengine. Akasimama, akazunguka, akatafuta wa kumtuma, maana hata katika hofu ile mila ilikuwa bado imemkaba koo. "Mwambieni mama," akawaambia watu wasiokuwapo, "mwambieni mama kwamba mtoto..."

Mama mkwe akageuka kutoka ukutani.

"Onesmo!"

Ndiyo, jina lake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Onesmo, msugue mgongo! Kwa nguvu, usimwogope, hatavunjika! Hivi!" Na alikuwa ameshafika. Mkono mmoja ulibana khanga mdomoni kuzuia kikohozi, na mwingine, mkono wa jembe, mgumu, wa moto, ukaingia chini ya nguo ukafunika mkono wa mkwe wake juu ya kile kimgongo, ukasugua naye. Akampiga kidole kwenye unyayo. "Doto! We Doto! Mwenzako yuko hapa, wewe unakwenda wapi? Rudi, mama, rudi! Bibi yako anakuita, rudi!"

Mara Doto akashtuka kama mtu aliyekanyagwa. Akavuta pumzi moja ya kukwaruza, akapumzika, akavuta nyingine, halafu akalia, kilio chembamba chenye hasira za mtu mzima.

Wote wawili walikaa kwenye benchi kwa pamoja. Mama mkwe hakuutoa mkono wake. Katikati yao mtoto alikuwa analia, na hakuna aliyetaka anyamaze.

"Wabeja," mama akasema kwenye khanga yake, asante ile ya Kisukuma inayotoka tumboni. "Wabeja, mwanangu."

"Usinishukuru, mama. Ni mimi." Maneno yakamtoka Onesmo bila mpangilio. "Simu ilisema mtoto mmoja kwa sababu yangu. Nesi alitangaza wawili, mimi nikamzuia Doto. Nimeandika vibaya, mama. Ni mimi niliyemzuia njiani."

Mama mkwe alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya kigeni.

"Umemzuia wapi?" akauliza. "Si huyu hapa umembeba?"

Chausiku alirudi na fundi, wanakisukuma kitanda kwenye korido, gurudumu moja linalia. Akawakuta mkwe na mama mkwe wamekaa bega kwa bega. Akafungua mdomo, akaufunga, na mtu anayemfahamu Chausiku atakwambia hilo halijatokea tena. Alimsikiliza Doto kwa kipimo chake, akamsikiliza tena. Kitanda kilipopata joto akamhamishia Kulwa humo, amsubiri mwenzake. Doto akamwacha alipo mpaka daktari apite. Akasema moyo wake umeshazoea moyo wa huyo mrefu, asisumbuliwe kwanza.

Walikuwa hivyo Ritha alipoletwa. Damu ilikuwa imekatika, daktari alisema atapona, ila alikuwa mweupe kama aliyepakwa majivu na midomo imekauka. Machela iliposimama alifumbua macho, akatafuta, akakiona kitanda. Kulwa alikuwa amelala humo peke yake, na pembeni yake pamebaki nafasi ya mtoto mmoja. Ritha akaitazama ile nafasi. Akageuza uso upande wa pili.

"Ritha," mama yake akamwita. "Mwanangu, tazama huku."

Onesmo akainuka, akasogea karibu, akafunua khanga. Kofia ya sufu ilichungulia, kisha shavu, kisha mdomo uliokuwa unatafuta ziwa kwenye kifua kisichokuwa nalo. Ritha alimtazama mtoto, akamtazama shemeji yake, akamtazama mtoto.

"Nilishamlilia," akasema. Sauti ilikuwa haijamrudia vizuri. "Pale zahanati nilimsikia akilia mara moja, halafu kimya. Ndani ya gari kila nikifumbua macho namwona mmoja tu mikononi kwa nesi. Nikajua wananificha, wanangoja nipate nguvu ndipo waniambie. Njia nzima nimemlilia, shemeji. Nilishamaliza."

Onesmo alimtazama Chausiku, na Chausiku akaitikia kwa kichwa. Basi akainama, akamtoa Doto kifuani pake polepole, akamlaza juu ya mama yake, na mikono ya Ritha ikapanda kutoka chini ya shuka ikamfunika. Onesmo alipoinuka, pale mtoto alipokuwa amelala palishikwa na baridi, na akasimama hapo akiisikia.